Birika lisilo na kitako

Mwaka 1975 Martin Newell, mtafiti wa michoro ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, alikuwa anatafuta umbo la kujaribia kazi yake. Maumbo ya kompyuta ya siku zile yalikuwa makavu, masanduku na matufe. Siku moja wakiwa mezani wanakunywa chai, mkewe Sandra akamwambia achore vyombo vilivyo mbele yao. Newell akachukua karatasi ya grafu na penseli, akalichora birika kwa kuliangalia tu, kisha akaenda maabara kuingiza namba zake kwenye kompyuta. Birika lenyewe, la kauri nyeupe, leo limehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Historia ya Kompyuta huko Mountain View, California. Zile namba zimesambaa dunia nzima, na ni wachache waliosomea michoro ya kompyuta ambao hawajapata kulichora.

Kuna jambo moja ambalo halisemwi sana. Birika la kwanza la Newell liliundwa kwa vipande 28 vya uso uliopinda: mwili, mkono, mdomo na kifuniko. Kitako hakikuwemo. Hakuna aliyekihitaji, maana birika lilikaa mezani na mtu aliliangalia kwa juu. Kiliongezwa baadaye, na idadi ya vipande ikafika 32.

Nimeanza na kitako hicho kwa sababu kwa miaka mingi michoro ya kompyuta ilikuwa kazi ya maganda. Umbo lilikuwa ngozi iliyoshonwa kwa pembetatu, moja imeshikana na nyingine hadi kitu kionekane kimefungika pande zote. Ndani hamkuandikwa chochote. Ukiiuliza kompyuta kama nukta fulani imo ndani ya birika au iko nje, inabidi ipekue pembetatu moja baada ya nyingine ndipo ikujibu. Macho yanaridhika na ganda. Fundi anayetaka kujua joto litapita vipi kwenye kuta za chungu haridhiki, wala daktari wa upasuaji.

Namna nyingine ya kulieleza umbo ni kulijenga kama nyumba ya matofali. Unagawa nafasi yote kuwa vichemraba vidogo vilivyo sawa, na kila kimoja unakiandikia namba: 1 kama kuna kitu, 0 kama hakuna. Kichemraba hicho huitwa vokseli, ndugu wa pikseli aliyepewa kina. Anayetaka kujua kama nukta imo ndani anafungua kisanduku chake, anasoma, basi.

Vokseli zilipata heshima yake hospitalini. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika Hospitali ya Atkinson Morley, London, mgonjwa alilazwa kwenye mashine iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI, akapigwa eksirei ya kichwa kutoka pembe nyingi. Kompyuta ilizichambua na kutoa mkato mmoja wa ubongo wenye visanduku 80 kwa 80. Kabla yake, Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa ameanza kuihangaikia hesabu hiyohiyo alipokuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1979. Ukiipanga mikato ya namna hiyo mmoja juu ya mwingine, kama slesi za mkate zilizorudishwa kwenye mfuko, unapata kichwa kizima cha visanduku, na kila kisanduku kinasema mionzi ilizuiwa kiasi gani mahali pale: mfupa, nyama, hewa. Hapo ganda halipo. Kilichopo chote ni ndani.

Julai 1987, kwenye mkutano wa michoro ya kompyuta uitwao SIGGRAPH, uliofanyika Anaheim, California, njia hizo mbili zilipishana. William Lorensen na Harvey Cline wa kampuni ya General Electric walieleza jinsi ya kuchukua visanduku vya hospitali na kuvivika ngozi ya pembetatu, ili daktari auone mfupa kama mfupa. Katika kitabu cha mkutano huo, makala inayofuata mara tu baada ya yao ni ya Arie Kaufman wa Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kilichopo Stony Brook. Yeye alikuwa anakwenda upande wa pili: anachukua nyuso anazifanya visanduku. Makala ya Lorensen na Cline ikawa miongoni mwa zinazotajwa kuliko zote katika fani hii. Ya Kaufman ilienda polepole, lakini kwangu ndiyo yenye ujasiri zaidi, kwa sababu ilidai kitu ambacho mashine za wakati ule hazikuweza kukilipia.

Dai lenyewe lilikuwa na maana. Chukua nyonga ya bandia. Mhandisi ameichora kwa nyuso laini zilizopinda, na mgonjwa atakayewekewa ameshapigwa picha yake ya visanduku. Vitu hivi viwili lazima vikutane mahali pamoja kabla ya siku ya upasuaji, na haviongei lugha moja. Kaufman aliona kuwa visanduku ndivyo vitakavyoshinda, kama skrini za pikseli zilivyoshinda zile za zamani zilizochora kwa mistari mitupu. Mwaka 1993 yeye na wenzake, Daniel Cohen na Roni Yagel, waliliandika wazo hilo kwa kirefu.

Njia yake ilikuwa na mzizi wa zamani. Jack Bresenham wa IBM alikuwa amechapisha mwaka 1965 namna ya kuchagua nukta za mstari kwa kujumlisha na kutoa namba kamili tu, bila kugawanya. Kaufman na wanafunzi wake walilipandisha jambo hilo ngazi moja, likafikia mistari, pembetatu na nyuso zilizopinda katika nafasi ya pande tatu. Kilichowakwamisha ni wingi. Nafasi ya vokseli 256 kila upande ina vokseli 16,777,216. Ukiongeza hadi 512 unapata 134,217,728. Unaongeza maradufu kila upande, na mzigo unazidi mara nane. Kuzijaza moja moja kwa kichakataji cha kawaida ilikuwa kazi ya kuanza na kuondoka ukanywe chai.

Jibu la kwanza lilikuwa kutengeneza mashine maalumu ya vokseli. Stony Brook waliunda mfululizo wa mitambo walioupa jina la Cube, na mwaka 1999 kizazi chake kimoja kikaingia sokoni kwa mkono wa Mitsubishi, kadi iliyoitwa VolumePro, yenye uwezo wa kupima nukta milioni 500 kwa sekunde. Ilikuwa kazi safi ya uhandisi. Lakini mwaka huohuo kampuni ya NVIDIA ilitoa GeForce 256, kadi ya michoro kwa ajili ya michezo ya kompyuta. Kadi za hospitali na maabara zilinunuliwa na wachache. Kadi za michezo zilinunuliwa na vijana wa kila mji, na kila msimu ikaja yenye nguvu kuliko iliyotangulia. Watafiti wa vokseli walipogeuza shingo kuitazama mashine ile ya bei nafuu, waliikuta haijui vokseli ni nini.

Kadi ya michoro inajua kufanya jambo moja kwa kasi kubwa. Inapokea pembetatu, inaangalia ni pikseli zipi za skrini zimefunikwa, inazipaka rangi, na inakumbuka kila pikseli iko umbali gani na jicho ili kilicho mbele kizibe kilicho nyuma. Ni mpaka rangi hodari wa kuta ambaye hajapata kujenga nyumba. Kazi ya miaka kumi na tano iliyofuata ilikuwa kuisoma tabia ya mpaka rangi huyo, kisha kumpa maagizo yake ya kila siku yaliyopangwa kwa namna ambayo mwishowe nyumba inasimama.

Wa kwanza ninaotaka kuwataja walikuwa Athens. Mwaka 1999 Evaggelia-Aggeliki Karabassi, Georgios Papaioannou na Theoharis Theoharis walitumia ile kumbukumbu ya umbali, ambayo Edwin Catmull aliieleza katika tasnifu yake huko Utah mwaka 1974. Waliliweka umbo ndani ya sanduku la kufikirika, wakaamuru kadi ilitazame kutoka pande zote sita: mbele, nyuma, kushoto, kulia, juu, chini. Kila mtazamo uliacha ramani ya umbali. Vokseli iliyoangukia kati ya ramani ya mbele na ya nyuma, ya kushoto na ya kulia, ya juu na ya chini, ilihesabiwa kuwa ndani. Michoro sita, kazi imekwisha. Watatu hao hao mwaka 2001 waliandika kuhusu kuunganisha kwa kompyuta vipande vya vitu vya kale vilivyovunjika, na mtu anaelewa kwa nini kasi iliwahusu.

Udhaifu wake unauona ukishika mtungi. Kikombe kilicho wazi, jicho la juu linafika mpaka chini. Mtungi wenye shingo nyembamba una tumbo pana ambalo hakuna jicho lolote kati ya yale sita linaloliona. Kwa njia ya Athens tumbo hilo hujazwa likawa gumu kama jiwe.

Mwaka 2000 Shiaofen Fang na Hongsheng Chen, huko Indianapolis, wakaja na slesi. Kadi ya michoro ina kuta mbili za kufikirika, ya mbele na ya nyuma, na kila kilicho nje ya kuta hizo hakichorwi. Kawaida kuta hizo huwekwa mbali ili mandhari yote iingie. Wao walizisogeza hadi nafasi kati yake ikawa unene wa vokseli moja, wakachora, wakahifadhi picha, wakasogeza hatua moja, wakachora tena. Kila picha ni tabaka moja la vokseli. Hapo ganda lilikuwa limepatikana. Kilichonivutia zaidi ni jinsi walivyojaza ndani.

Chukua daftari la hesabu la mtoto, lile la miraba. Chora samaki, kisha weka rula ikate ukurasa kutoka chini kwenda juu na uifuate kwa kidole. Mwanzo uko nje. Kidole kinavuka mstari wa tumbo mara moja: uko ndani. Kinavuka mstari wa mgongo: umetoka. Ukipita kwenye mkia uliogawanyika utaingia na kutoka tena. Huhitaji kumjua samaki. Unahitaji kuhesabu tu umevuka mistari mingapi: ikiwa witiri, uko ndani, ikiwa shufwa, uko nje. Kadi ya michoro ilikuwa tayari na operesheni inayoitwa XOR, inayofanya kazi kama swichi ya taa: bonyeza mara moja inawaka, bonyeza tena inazima. Fang na Chen waliagiza kila uso unaopita ubonyeze swichi ya pikseli badala ya kuipaka rangi. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya kuficha vilivyo nyuma ikawa inahesabu kila inachokivuka.

Sasa lirudishe birika la Newell. Kidole kinashuka kutoka juu, kinavuka kifuniko, swichi inawaka. Kinapita tumboni, kinashuka, na pale ambapo kitako kingepaswa kuizima swichi hamna kitu. Inabaki inawaka. Kwenye picha ya vokseli unaona birika na, chini yake, nguzo nene inayoteremka hadi mwisho wa nafasi, kama chai iliyoganda ikimwagika. Kila aliyefanya kazi hii amewahi kuiona nguzo ya namna hiyo. Inaonyesha kwa kidole mahali umbo linapovuja: tundu ambalo macho yaliliruka miaka na miaka linajitangaza lenyewe. Ndiyo maana mafundi wa kuchapa vitu vya pande tatu huziba matundu kwanza kabla ya jambo lingine lolote.

Slesi zilikuwa na gharama. Kwa tabaka 256, kwa namna yake nyepesi kabisa, kadi hulipitia umbo lote mara 256. Kisha kuna pembetatu zilizokaa kwa ubavu. Mkeka ulioning'inizwa ukiutazama kwa mbele unaona mkeka; ukisimama sambamba nao unaona uzi, au huoni kitu. Kadi nayo ni vivyo hivyo. Pembetatu iliyosimama ubavu haigusi pikseli yoyote, na kwenye vokseli panabaki mwanya. Mwaka 2004 kundi la Zhao Dong, Wei Chen na wenzao wa Chuo Kikuu cha Zhejiang, Hangzhou, China, liligawa pembetatu katika mafungu matatu. Kila moja ilitazamwa kutoka upande unaoionyesha kwa upana zaidi, kisha matokeo yakaunganishwa. Wazo hilo halijaachwa mpaka leo.

Halafu ikaja Grenoble, Ufaransa, na hapa nitakawia kidogo.

Elmar Eisemann na Xavier Décoret walijiuliza mwaka 2006 rangi ni nini hasa kwa kadi. Kwetu ni nyekundu, kijani, bluu. Kwa kadi ni biti 8 za kila moja na nyingine 8 za uwazi, jumla 32. Nani aliyesema lazima ziwe rangi? Waliamua kila biti iwe vokseli. Pikseli moja ikawa nguzo ya vokseli 32 inayoingia ndani ya skrini, na ukichora kwenye picha kadhaa kwa wakati mmoja, nguzo inarefuka. Pembetatu inapofika, umbali wake unasema ni biti ya ngapi iwashwe, nayo inawashwa bila kuzigusa zilizokwisha kuwaka. Umbo linapita mara moja. Slesi 256 zikawa mchoro mmoja.

Mwaka 2008 wakaongeza ujazaji wa ndani, na utaratibu wake mtu anaweza kuufanya kwa penseli. Tuseme nguzo ina biti nane: 00000000. Uso wa mbele umefika baada ya vokseli ya pili, kwa hiyo unageuza biti zote zilizo nyuma yake: 00111111. Uso wa nyuma umefika baada ya vokseli ya sita, nao unageuza zote zilizo nyuma yake: 00111100. Vokseli nne za katikati ndizo umbo, limejaa. Sasa zigeuze zamu. Anza na uso wa nyuma: 00000011. Kisha wa mbele: 00111100. Jibu ni lilelile. Hilo ndilo lililowafaa, kwa sababu kadi ya michoro hupokea pembetatu bila mpangilio wa umbali, na kuzipanga kwanza kungeila kasi yote. Kwa XOR hakuna haja ya foleni.

Lilibaki tatizo ambalo si la kina bali la upana. Kadi huijaza pikseli pale tu kitovu chake kinapofunikwa. Pembetatu nyembamba inaweza kupita katikati ya vitovu bila kugusa hata kimoja, kama dagaa anavyopenya matundu ya jarife. Kwa picha ya mchezo hakuna anayejali. Kwa vokseli ni ukuta wenye tundu. Jon Hasselgren, Tomas Akenine-Möller na Lennart Ohlsson, wa Lund huko Sweden, mwaka 2005 walieleza jinsi ya kuitanua kila pembetatu kidogo kabla ya kuichora, kiasi cha nusu pikseli, ili isiponyoke. Inafanya kazi, ila kila pembetatu inalipa ushuru.

Wakati huo kadi zenyewe zilikuwa zinabadilika. Tangu 2007, kwa mfumo wa CUDA, mtu aliweza kuiandikia kadi programu ya kawaida bila kujifanya anachora. Michael Schwarz na Hans-Peter Seidel, wa Taasisi ya Max Planck huko Saarbrücken, Ujerumani, walitumia mlango huo mwaka 2010. Badala ya kumtega mpaka rangi, waligawa kazi kwa maelfu ya vibarua: wewe shika pembetatu hii, ipime na kila vokseli iliyo karibu, andika. Hatari ya vibarua wengi ni daftari moja. Wauzaji wawili wa duka moja wakisoma deni la mteja kwa pamoja, wote wakaona shilingi 500, kila mmoja akaongeza 200 na kuandika 700, duka limepoteza 200. Kadi za wakati huo zilishakuwa na maandishi yasiyokatizwa, yaani anayesoma hashindani na mtu mpaka amalize kuandika, na juu ya hayo walijenga njia yao ya ganda na ya ndani pia.

Walitazama vilevile suala la nafasi. Sanduku tupu lenye vokseli 512 kila upande lina ganda la takriban vokseli milioni 1.6, kati ya milioni 134 za nafasi yote. Zaidi ya asilimia 98 hazihusiki na ganda. Unakata nafasi kuwa vichemraba nane, unavitupa visivyoguswa na uso, unavikata tena nane vilivyobaki, na kuendelea hivyo, kama mti unaotoa matawi, hadi kimo unachotaka. Cyril Crassin, aliyesomea Grenoble kisha akaenda NVIDIA, aliandika pamoja na Simon Green mwaka 2012 jinsi ya kuujenga mti huo kwa kumrudia mpaka rangi wa zamani. Kila pembetatu inageuzwa ndani ya kadi yenyewe itazamane na jicho kwa upana wake, kama walivyofanya Hangzhou, inatanuliwa kama walivyofanya Lund, na vokseli zinaandikwa moja kwa moja kwenye kumbukumbu.

Crassin alikuwa anautaka mti huo kwa sababu ya mwanga. Mwanga halisi hurukaruka: unapiga sakafu, unapanda ukutani, unaishia usoni mwa mtu. Kuufuata pembetatu kwa pembetatu kunachosha mashine. Kwenye vokseli unatuma koni badala ya mstari mwembamba, na kadiri koni inavyopanuka unasoma vokseli kubwa zaidi, ambazo ni wastani wa watoto wao wanane. Yeye na wenzake, Eisemann akiwemo, walilionyesha hilo mwaka 2011.

Septemba 2014 NVIDIA ilitoa kadi ya GTX 980. Ndani ya chipu yake kulikuwa na kipengele kipya: ujazaji usioacha pikseli hata moja iliyoguswa, ukifanywa na chuma chenyewe. Kile ambacho watu wa Lund walikiiga kwa kutanua pembetatu miaka tisa nyuma sasa kilikuwa kimechongwa kwenye silikoni, na miongoni mwa sababu zake ilikuwa vokseli. Mpaka rangi alikuwa amefundishwa rasmi.

Kuionyesha kadi hiyo kampuni ilichagua picha ya Julai 1969: Buzz Aldrin akishuka ngazi ya chombo cha Apollo 11 kilichotua mwezini. Wasioamini safari ile husema Aldrin yuko kivulini, Jua liko nyuma ya chombo, basi asingeonekana vizuri namna ile bila taa za studio. Wahandisi walikiunda chombo kwa pembetatu, wakaweka vumbi la mwezi na Jua mahali pake, mandhari yote ikageuzwa vokseli, na mwanga ukaachwa uruke. Vumbi lenyewe lilirudisha mwanga wa kutosha kumwonyesha. Kisha wakamweka mtu ambaye haonekani kwenye picha, Neil Armstrong, aliyekuwa amesimama chini na kamera mkononi. Vazi lake jeupe likarusha mwanga wa Jua kwenye ule upande wa kivuli, na Aldrin pale ngazini akang'aa zaidi.